Chanjo, Kinga na Aina: Tahakiki ya Msamiati wa Leptospirosisi ya Wanyama

Mwezi wa Julai 2022 Kiswahili kilipata istilahi mpya kwa haraka isiyo ya kawaida. Katika Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, watu walishikwa na homa, wakaumwa kichwa, wakachoka mno, na baadhi yao wakatokwa na damu puani. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 20, na watatu kati yao walifariki. Vipimo vilipoonyesha kwamba si Ebola wala Marburg bali ni leptospira, Wizara ya Afya iliutangaza ugonjwa huo kwa jina la homa ya mgunda. Baada ya siku chache jina hilo lilikuwa limekwisha kuenea redioni, magazetini na vijiweni. Ni nadra istilahi kupokelewa upesi namna hiyo, na waliolichagua jina hilo wanastahili pongezi.

Walakini jina la ugonjwa ni neno moja tu katika ukoo mzima wa maneno. Leptospirosisi humfikia binadamu kutoka kwa wanyama, na makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalihesabu wagonjwa wapatao milioni 1.03 na vifo 58,900 kila mwaka duniani. Kwa kuwa chanzo ni mnyama, wataalamu wa nchi nyingi wamo katika kutafuta chanjo zilizo bora zaidi za ng'ombe, nguruwe na mbwa. Habari za chanjo hizo hatuna budi kuziandika kwa Kiswahili: katika vijitabu vya wafugaji, katika karatasi zinazofungwa pamoja na chupa za chanjo, katika masomo ya vyuo vya mifugo, na katika nyaraka za serikali. Makala haya yanakusudia kuyapima maneno tuliyo nayo kwa kazi hiyo.

Maoni yetu ni haya. Msamiati wetu unatosha kumwambia mfugaji kwamba chanjo ipo, lakini hautoshi kumwambia chanjo hiyo inafanya nini na haifanyi nini. Kipimo tutakachokitumia ni kimoja: pale ambapo mfugaji, bwana mifugo au mganga hutakiwa kuamua mambo mawili tofauti, lugha na impe maneno mawili tofauti. Pale ambapo uamuzi ni mmoja, neno moja linatosha, na kuongeza la pili ni kumtwisha msomaji mzigo bure.

JINA LA UGONJWA

Mgunda ni neno la kale kwa maana ya shamba. Wayao wanalo, Wazigua wanalo, na Wachewa wa Malawi husema munda. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita njia ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora waliandika juu ya nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali. Kwa hiyo neno ni letu, ni fupi, na kwa watu wa Lindi halihitaji kufasiriwa. Tena halikubuniwa pasipo mfano, maana katika baadhi ya lugha za Ulaya ugonjwa huu huitwa homa ya shambani.

Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba linautaja mahali badala ya kuitaja njia. Mtu huambukizwa kwa mkojo wa mnyama, au kwa maji na udongo uliochanganyika na mkojo huo, vimelea vikipenya katika michubuko ya ngozi au katika utando wa macho, pua na mdomo. Jambo hilo hutokea kwenye majaruba ya mpunga na mashamba ya miwa. Hutokea vilevile zizini, machinjioni, na katika mitaro ya mjini wakati wa mafuriko. Mchinjaji wa mjini asiyelima hata tuta moja atalisikia jina hili akadhani halimhusu.

Kasoro ya pili ni neno homa lenyewe. Ng'ombe aliyeambukizwa leptospira za namna ya Hardjo aghalabu haonyeshi homa. Maziwa hupungua, au hutupa mimba, au huzaa ndama dhaifu, au haonyeshi dalili yoyote huku akitoa vimelea katika mkojo kwa miezi mingi. Kumwandikia mfugaji maneno "chanjo ya homa ya mgunda ya ng'ombe" ni kumtafutisha homa isiyokuwapo, kwa mnyama ambaye pengine hatoki zizini.

Wako wanaopendelea jina lenye panya ndani yake. Hilo nalo halifai. Uchunguzi uliofanywa kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2018 ulizikuta leptospira katika karibu asilimia 7 ya ng'ombe waliopimwa machinjioni, lakini hazikupatikana kwa panya walionaswa katika eneo hilo. Huko Morogoro, kinyume chake, leptospira zimepatikana katika panya buku. Mnyama anayeubeba ugonjwa hubadilika kutoka mahali hadi mahali, na jina linalomshtaki mnyama mmoja huwaachilia wengine.

Tunapendekeza kwamba homa ya mgunda ibaki kuwa jina la ugonjwa wa binadamu katika matangazo kwa wananchi, maana limekwisha kuota mizizi. Katika maandishi ya mifugo na ya maabara litumike leptospirosisi kwa ugonjwa na leptospira kwa bakteria anayeuleta. Wafasiri waepuke kuandika "virusi vya leptospira". Leptospira ni bakteria, na kwa bakteria dawa za antibiotiki hufanya kazi. Kosa la neno moja hapa laweza kumfanya mganga msaidizi akate tamaa ya tiba iliyopo.

CHANJO

Chanjo imetokana na kitenzi kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo kwa wembe, kama mganga anavyochanja chale. Neno lilifaa sana zama za ndui, wakati dawa ilipopakwa juu ya mkwaruzo. Leo dawa hupigwa kwa sindano, na neno limebaki. Hakuna ubaya, lugha hailazimiki kubadili jina kila chombo kinapobadilika.

Taabu ni kwamba chanjo hutumika kwa kitu na kwa tendo pia. Tukisema "chanjo imecheleweshwa" msomaji hajui kama ni chupa ambazo hazijafika au ni kazi ambayo haijaanza. Kwa ofisa anayeandika waraka, hayo ni mambo mawili yenye wakosaji wawili. Tunashauri chanjo iwe kitu, na tendo liitwe uchanjaji. Ama neno sindano, ambalo wafugaji hulitumia kwa chanjo na kwa dawa ya kutibu bila kubagua, halifai kabisa katika maandishi. Chanjo haimtibu ng'ombe ambaye leptospira zimekwisha kukaa katika figo zake, na mfugaji anayedhani kuwa sindano ni sindano tu atachanja mahali palipohitaji kutibiwa.

Liko jambo jingine la kuangaliwa. Wajapani Inada na Ido walipoitambua leptospira kuwa ndiyo kisababishi, katika miaka ya 1914 na 1915, chanjo za majaribio za vimelea vilivyouawa zilifuata upesi, na hadi leo chanjo za wanyama ziuzwazo ni za namna hiyo kwa sehemu kubwa. Mfasiri mwenye haraka huziita chanjo mfu. Lakini bwana mifugo yeyote anajua kwamba chanjo iliyokaa juani "imekufa", yaani imekwisha nguvu na ni ya kutupwa. Neno moja basi linataja bidhaa nzima na bidhaa iliyoharibika! Vivyo hivyo chanjo dhaifu, kwa maana ya vimelea hai vilivyopunguzwa ukali, husikika kama chanjo isiyofaa. Afadhali kurefusha: chanjo ya vimelea vilivyouawa, chanjo ya vimelea vilivyodhoofishwa. Kinachouawa au kudhoofishwa ni kimelea. Chanjo yenyewe ni nzima.

KINGA

Hapa ndipo kiini cha tahakiki yetu. Sentensi "chanjo hii humkinga ng'ombe na leptospirosisi" ni Kiswahili safi, na kila mtu anadhani ameielewa. Lakini ina maana tatu. Yaweza kumaanisha kwamba ng'ombe hataugua wala kutupa mimba. Yaweza kumaanisha kwamba vimelea havitaingia na kukaa mwilini mwake. Yaweza kumaanisha kwamba hatatoa vimelea katika mkojo wake. Kwa magonjwa kadhaa maana hizi hukaribiana kiasi kwamba hakuna anayeumia tukizichanganya. Kwa leptospirosisi hutengana.

Mfano unatoka katika utafiti wa chanjo mpya. Protini moja ya leptospira, iitwayo LigA, imejaribiwa mara nyingi katika wanyama wadogo wa maabara. Wanyama waliochanjwa kwa protini hiyo waliokoka kifo, lakini katika majaribio mengi leptospira zilikutwa zingali katika figo za waliookoka. Je, wanyama hao walikingwa? Kwa mwenye mnyama, ndiyo. Kwa anayemkamua, anayesafisha zizi lake, au anayechota maji chini ya malisho yake, hapana. Mnyama mzima anayetoa vimelea ni wa hatari kuliko aliyelala, maana hakuna anayejihadhari naye.

Yafaa basi tuseme kinga dhidi ya kuugua, kinga dhidi ya kuambukizwa, na kinga dhidi ya kutoa vimelea. Kwa jambo hili la tatu, kitendo cha mnyama kutoa vimelea katika mkojo, tunapendekeza kitenzi kumwaga na nomino umwagaji. Kusambaza ni neno pana mno. Hutumika kwa maji, kwa magazeti na kwa uvumi. Mkojo humwagwa, na msomaji ataliona jambo lenyewe mara moja.

Kwamba tofauti hii si ya kubishania vitabuni tu kunathibitishwa na mambo ya New Zealand. Huko wakamuaji wa maziwa walikuwa wakiugua kwa wingi. Mifugo ya maziwa ilipoanza kuchanjwa dhidi ya Hardjo na Pomona, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ugonjwa ulipungua sana miongoni mwa wakamuaji. Ng'ombe alichanjwa, mtu akapona. Manufaa hayo yalitokana na kupungua kwa umwagaji, na lugha isiyokuwa na neno la umwagaji haiwezi hata kuyaeleza.

KINGAMWILI

Neno hili limeenea na linapendwa, nasi hatukusudii kulifukuza. Lakini umbo lake linaahidi zaidi ya linavyoweza kutoa. Kwa kuwa limeundwa kwa kinga na mwili, msomaji wa taarifa isemayo "ng'ombe 40 wana kingamwili" husoma "ng'ombe 40 wamekingwa". Kumbe kipimo kinachotumika zaidi, cha kuchanganya maji ya damu na leptospira hai na kutazama kwa hadubini kama zinagandamana, huonyesha tu kwamba mnyama amekutana na kimelea au na chanjo. Yawezekana mnyama huyo angali ana leptospira katika figo. Tena katika ng'ombe wengine wanaomwaga vimelea, kingamwili huwa kidogo kiasi cha kutoonekana.

Zaidi ya hayo, kwa ng'ombe na Hardjo, kingamwili si hadithi yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba chanjo iliyowakinga ng'ombe iliziamsha chembe za kinga katika damu zikatoa interferoni gama. Wanaotafuta chanjo bora hawawezi kutosheka kuhesabu kingamwili, na mwandishi anayewafasiri asiseme "kinga iliongezeka" pale ambapo wao wamesema kingamwili ziliongezeka. Shauri letu ni kwamba katika taarifa za leptospirosisi neno kingamwili lifuatwe daima, mara ya kwanza linapotajwa, na maneno ya kulifafanua: "kingamwili, yaani dalili kwamba mnyama amekutana na kimelea".

AINA

Hakuna neno linalofanya kazi nyingi kwa ujira mdogo kama aina. Katika maandishi ya leptospirosisi hutakiwa kubeba daraja tatu kwa wakati mmoja.

Daraja ya kwanza ni spishi, ambazo zilizokwisha kutambuliwa sasa zimezidi 60. Ya pili ni mgawanyo wa leptospira kwa jinsi kingamwili zinavyozitambua. Hizo zinazoleta maradhi zimezidi 250, nazo ndizo zenye majina kama Pomona, Canicola, Icterohaemorrhagiae na Hardjo. Moja inaitwa Sokoine, kwa jina la chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, ilikopatikana katika ng'ombe. Ya tatu ni vizazi vya kimelea vinavyotunzwa maabara, kila kimoja na jina au namba yake.

Chanjo za vimelea vilivyouawa hukinga kwa kufuata daraja ya pili. Iliyotengenezwa kwa Pomona haimsaidii ng'ombe aliyekutana na Hardjo. Mbwa waliochanjwa kwa miaka mingi dhidi ya Canicola na Icterohaemorrhagiae peke yake hawakuwa salama mbele ya Grippotyphosa, na ndiyo sababu chanjo zenye nne zikatengenezwa Marekani mwanzoni mwa karne hii. Huko New Zealand pia, baada ya mafanikio tuliyoyataja, watafiti walikuta katika mifugo iliyochanjwa leptospira nyingine isiyokuwamo katika chanjo. Basi mfugaji anayeambiwa "chanjo ya leptospira" ameambiwa nusu, na nusu aliyonyimwa ndiyo inayomfaa.

Hardjo inatoa somo gumu zaidi. Jina ni moja, lakini limo katika spishi mbili tofauti. Mwaka 1989 watafiti wa Ames, Iowa, huko Marekani, waliwachanja ng'ombe wenye mimba kwa chanjo ya mchanganyiko wa tano, Hardjo ikiwa mojawapo, kisha wakawaambukiza Hardjo ya spishi iliyozoea ng'ombe. Chanjo haikuwakinga. Jaribu kuyaeleza hayo kwa neno aina peke yake: "chanjo ya aina ya Hardjo haikuzuia aina ya Hardjo kwa kuwa ilikuwa ya aina nyingine". Mwanafunzi atadhani mwalimu amechanganyikiwa.

Kwa daraja ya kwanza tunalo neno spishi, na walimu wa elimuviumbe wamekwisha kulizoea. Kwa ya pili tunaunga mkono serovari, lililotoholewa, kuliko miungano kama aina-seramu inayomlazimu msomaji ajue seramu ni nini kabla hajajua chochote. Kwa ya tatu tunapendekeza nasaba. Neno hili lina maana ya ukoo na uzao, wafugaji huelewa nasaba ya mnyama ni nini, na halijashikwa na kazi nyingine katika fani hii. Aina libaki neno la mazungumzo, lisilokuwa istilahi.

Huenda mtu akauliza mbona tumetohoa hapa ilhali kwa umwagaji tumechukua neno la nyumbani. Sababu ni kipimo chetu kilekile. Umwagaji ni jambo ambalo mfugaji lazima alione akilini ili ajihadhari. Serovari ni alama ya kulinganisha: lililoandikwa kwenye chupa na lililoandikwa na maabara, je, yanafanana? Kwa kazi hiyo neno geni linalobaki vilevile popote linafaa kuliko neno la kwetu linaloandikwa namna nne.

"CHANJO BORA"

Usemi "chanjo iliyoboreshwa" umejaa katika tafsiri, nao peke yake hausemi kitu. Bora kwa lipi? Watafiti wanafuata njia kadhaa. Wengine wanatafuta chanjo itakayokinga dhidi ya serovari nyingi kwa pamoja. Mwaka 2021, kwa mfano, ulichapishwa utafiti wa leptospira hai iliyoondolewa uwezo wa kwenda, ambayo iliwakinga wanyama wa maabara dhidi ya spishi zaidi ya moja. Wengine wanatafuta kinga itakayodumu, maana chanjo za sasa hurudiwa kila mwaka. Wengine wanataka kuzuia umwagaji kabisa. Wengine wanapunguza madhara baada ya sindano. Chanjo yaweza kuwa bora katika moja na duni katika jingine. Mfasiri asiandike bora pasipo kujaza: bora kwa upana, kwa muda, kwa kuzuia umwagaji, au kwa usalama.

MAPENDEKEZO

Kwa muhtasari, tunayaweka mbele ya wasomaji maneno haya:

1. Leptospirosisi: ugonjwa, hasa wa wanyama. Homa ya mgunda: ugonjwa huo kwa binadamu, katika matangazo.
2. Chanjo: kitu. Uchanjaji: tendo.
3. Chanjo ya vimelea vilivyouawa; chanjo ya vimelea vilivyodhoofishwa; chanjo ya protini.
4. Kinga dhidi ya kuugua. Kinga dhidi ya kuambukizwa. Kinga dhidi ya umwagaji.
5. Umwagaji: kutoa vimelea mwilini, hasa katika mkojo.
6. Spishi, serovari, nasaba.

Ili msomaji aone faida yake, tumetunga sentensi mbili. Ya kwanza ni ya mtindo wa kawaida: "Chanjo hii bora huwakinga ng'ombe na aina za homa ya mgunda." Ya pili ni kwa mapendekezo yetu: "Chanjo hii ina leptospira zilizouawa za serovari mbili, Hardjo na Pomona. Hupunguza utupaji mimba na umwagaji wa serovari hizo. Haizuii serovari nyingine, wala haimtibu ng'ombe aliyekwisha kuambukizwa. Kwa hiyo mkamuaji aendelee kuvaa viatu vya mpira na kufunika majeraha." Ya pili ni ndefu, hatukatai. Lakini ya kwanza humfanya mkamuaji avue viatu.

Wapo watakaosema kwamba mfugaji wa kawaida hana haja na ubaguzi wa namna hii. Sisi tunaona kinyume. Mtaalamu akikosa neno la Kiswahili atakimbilia lugha ya kigeni naye ataelewa. Mfugaji hana pa kukimbilia. Tunawaomba walimu wa vyuo vya mifugo, wafasiri na maofisa wanaoshughulika na nyaraka hizi wayajaribu maneno haya katika kazi zao, na kutuandikia ni yapi yaliyopokelewa na yapi yaliyokataliwa, hasa nasaba na umwagaji, ambayo tunajua yatazua ubishi. Chanjo mpya zitakapofika, zikute maneno yake yamekwisha kuwa tayari.